Wanafunzi wanasoma dodoso la kiwewe kama karani wa sensa

Mwalimu, nimekuelewa: wanafunzi wako wa ustawi wa jamii wanakwenda mafunzo kwa vitendo mwezi ujao, na bado wanasoma maswali ya PCL-5, dodoso la kupima dalili za kiwewe (PTSD), bila hata kuinua macho. Dodoso lenyewe si gumu. Ni maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4, kuhusu mwezi uliopita. Hilo litakuchukua asubuhi moja.

Muda uliobaki upeleke kwenye mazungumzo yanayozunguka maswali. Waigize wawili wawili, wa tatu akitazama: kuomba ridhaa, kueleza mipaka ya usiri, kumwambia mteja anaweza kukataa swali lolote. Kisha "mteja" anyamaze au alie katikati. Mwanafunzi aweke karatasi chini, amsaidie kutulia, ndipo waamue pamoja kama waendelee. Rudia sana hapa, kwani wengi hukimbilia swali linalofuata. Tumia visa vya kubuni tu. Mtu asiigize yaliyompata mwenyewe, maana humo darasani wamo waliopitia makubwa.

Jumla ya alama 31 hadi 33 au zaidi ni sababu ya kumpa mteja rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, si utambuzi wa ugonjwa. Tena PCL-5 ni ya watu wazima. Mtoto aliye hatarini, kwa hapa Tanzania, ni suala la afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu 116.

Mteja akitaja kujiua, dodoso lisimame. Asiachwe peke yake, na msimamizi apigiwe palepale. Namba yake wawe nayo kabla hawajaondoka chuoni.