Maswali Yenu: Kufuli Lipo, Mgeni Ameingiaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kamati ya watu wanane tunaoandika ripoti kwa pamoja kupitia Google Docs. Majuzi niliona juu ya ukurasa alama ya mtu asiyejulikana, yenye jina la mnyama, na muda mfupi baadaye aya mbili zikatoweka. Kivinjari changu kilikuwa kikionyesha kufuli wakati wote. Je, tumedukuliwa?

JIBU: Kwa maelezo yako, inaelekea zaidi kwamba mgeni huyo aliingia kwa ruhusa mliyoitoa ninyi wenyewe bila kukusudia. Alama ya kufuli ina maana finyu kuliko wengi wanavyodhani. Inaeleza kwamba mawasiliano kati ya kivinjari chako na seva yamesimbwa, hivyo mtu aliye njiani, tuseme anayedhibiti Wi-Fi unayotumia, hawezi kuyasoma wala kuyabadilisha. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, wala kuhusu nani mwingine ameruhusiwa kufungua waraka huo huo. Matapeli nao huwa na kufuli, kwani vyeti vya kidijitali vinavyoiwezesha tovuti kuwa nayo hupatikana bila malipo. Google wenyewe, walipoona kwamba alama hiyo inawapotosha watu, waliibadilisha katika kivinjari chao, Chrome, cha kompyuta mwaka 2023.

Kilichowaponza, bila shaka, ni kiungo. Majina ya wanyama hujitokeza pale waraka unapowekewa ruhusa ya mtu yeyote aliye na kiungo, kisha akaufungua mtu ambaye hakualikwa kwa anwani yake ya barua pepe. Kiungo chenyewe kina herufi na tarakimu nyingi kiasi kwamba hakuna wa kukibahatisha. Lakini mjumbe mmoja akikituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia, wote mia wamekuwa wahariri wa ripoti yenu.

Fungua sehemu ya kushiriki, ondoa ruhusa hiyo ya jumla, kisha waalike wenzako mmoja mmoja kwa anwani zao. Kiungo cha zamani kitaendelea kuwafungulia walioalikwa tu. Mpe kila mtu kadiri ya kazi yake: anayesoma awe mtazamaji, anayekosoa awe mtoa maoni, na uhariri wabaki nao wanaoandika kweli. Katika mipangilio ya sehemu hiyo hiyo, mwenye waraka aondoe pia uwezo wa wahariri kuwaalika wengine, jambo ambalo husahaulika sana.

Aya zenu hazijapotea. Katika menyu ya faili kuna historia ya matoleo, inayoonyesha waraka ulivyokuwa saa kwa saa na rangi ya kila aliyeugusa. Chagua toleo lililotangulia ufutaji, ama ulirejeshe lote, ama unakili aya hizo tu iwapo wenzako wameshaendelea kuandika. Nakala ambayo mgeni ameshaipakua, hata hivyo, haiwezi kurudishwa.

SWALI: Sisi tuna akaunti moja inayotumiwa na watu sita, nasi hubadilisha nywila kila mwezi. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, na kazi hiyo ya kila mwezi haiwasaidii sana. Tangu mwaka 2017, NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, imeshauri watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda tu, bali pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Anayelazimishwa kila mara huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni, na mdukuzi analijua hilo. Tatizo lenu kubwa ni akaunti kuwa moja: historia ya matoleo itawaonyesha nyote kwa jina moja, na mtu akiondoka hamwezi kumfungia peke yake. Kila mmoja awe na akaunti yake, yenye nywila ndefu isiyotumika kwingine, pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa uthibitisho wa pili, kama msimbo kwenye simu yako. Na ile ya pamoja ifungwe baada ya kuhamisha umiliki wa nyaraka zake.