Mpiga solo, anza na modelingi, sinthesaiza ije baadaye

Mkuu, umeuliza kama ununue gitaa lenye pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) ya sinthesaiza ili utoe sauti za tarumbeta na vinanda kanisani, au mashine ya efekti yenye modelingi, yaani inayoiga amplifaya na spika. Mimi napiga solo hapa Mwanza, kwaya Jumapili na harusi siku nyingine, na vyote viwili nimevitumia. Kwa muziki wetu, chukua modelingi kwanza.

Sinthesaiza ya kutambua noti haitumii sauti ya gitaa lako. Inasikiliza uzi, inajua ni noti gani, ndipo inatoa tarumbeta. Ili ijue, uzi lazima utikisike mzunguko mmoja mzima, na mara nyingi zaidi ya mmoja. Uzi mnene wa E hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unakula milisekunde 12. Uzi wa kwanza hutikisika mara 330, milisekunde 3 tu. Ndiyo maana nyuzi za juu zinaitika haraka na besi zinachelewa. Sasa ingia kwenye sebene: noti zinakimbizana, kidole kikiparuza uzi wa jirani tu, tarumbeta inalia noti ambayo hukuipiga. Lakini kwenye pambio la taratibu, noti ndefu, inapendeza mno. Nimeshuhudia waumini wakigeuka kumtafuta mpiga kinanda.

Halafu kuna vifaa vyenyewe. Kampuni ya Roland ilitoa sinthesaiza ya gitaa GR-500 mwaka 1977, na pikapu zao za GK zilizofuata husoma kila uzi peke yake; nyingi zinatumia kebo ya pini 13. Kebo hiyo madukani mjini hapa sijawahi kuiona. Ikikatika Jumamosi jioni, ibada ya kesho unapiga bila tarumbeta.

Modelingi haikisii noti. Inachukua mtikisiko wenyewe na kuupitisha kwenye hesabu zinazoiga amplifaya na kabati la spika. Mashine ya Roland VG-8 ya mwaka 1995 ilitumia pikapu hiyohiyo ya GK, ila kwa kuwa haikusubiri kutambua noti, ilikuitika papo hapo. Kampuni ya Line 6 ilipotoa mashine ya modelingi POD mwaka 1998, jaki ya kawaida ikatosha.

Tafadhali zingatia kabati, hapa ndipo sauti za wengi zinapoharibika. Ukichomeka moja kwa moja kwenye mikseri, washa uigaji wa kabati, la sivyo sauti inakwaruza masikio. Ukichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, uzime, kwa sababu spika halisi ipo tayari. Ukiuacha, solo linasikika kama limefunikwa blanketi. Kwa sebene mimi nachagua modeli ya amplifaya ya Roland JC-120, geini (nguvu ya sauti inayoingia) chini kabisa, efekti za kompresa kidogo, korasi na dilei (mwangwi) fupi, na sauti za kati nazipandisha ili gitaa la ridhimu lisinimeze. Sauti itengenezee ukumbini, kwa volyumu ya kazi. Ile uliyoipenda chumbani kwa hedifoni itakuwa na besi nyingi mno.

Adapta soma volti na upande wa chanya na hasi kabla ya kuchomeka, na kama ukumbi unatumia jenereta, pitisha kwenye stabilaiza.

Ukishazoea na bado unataka vinanda, tafuta pedali ya sinthesaiza Boss SY-1. Inatumia jaki ya kawaida na gitaa ulilonalo. Iweke mwanzoni mwa mnyororo wa efekti, kabla ya distoshoni (efekti ya kukwaruza sauti), ipate mawimbi safi ya nyuzi.