Baba yako yuko wapi sasa: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana jioni, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda shambani. Unasema tangu urudi Mwanza baada ya kuanua matanga hulali vizuri, na kuna jambo limekukaa kooni. Pale makaburini mzee mmoja wa kanisa alikushika bega akakuambia usilie, baba yako yuko mahali pazuri. Ukanyamaza kwa heshima. Sasa unaniuliza mimi: "Mama, wewe unaamini kweli tutamwona tena, au hayo ni maneno ya msibani tu?"

Naamini. Ila siyo kwa namna ya yule mzee, ndiyo maana nimeona niandike. Kwenye simu ningelia, na salio lingeisha kabla sijafika popote.

Hilo la kutolia hakulitoa kwenye Biblia. Yesu alipofika Bethania, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Alijua anachokwenda kufanya, na alikuwa amekwisha kumwambia Martha, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Hata hivyo alipomwona Mariamu analia, na waliofuatana naye wanalia, akalia machozi. Sasa wewe, uliyezika baba bila kujua siku wala saa ya kumwona, nani akukataze? Paulo naye hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Alisema wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini", lakini watu msibani huukata mstari katikati. Na huyo huyo Paulo anaiita mauti adui wa mwisho. Adui akiingia nyumbani kwako unapiga yowe.

Nimechoshwa pia na "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Ni maneno ya kweli, lakini Ayubu aliyatamka mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na jirani mwenye sahani ya ubwabwa mkononi. Rafiki zake walimfaa zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Wengi walinijia na maneno, lakini aliyenisaidia zaidi ni mama mmoja wa kwaya yetu aliyeingia jikoni, akaosha masufuria yote, akaondoka.

Sasa, yuko wapi? Yule mwizi msalabani aliambiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Paulo alitamani aende zake akakae na Kristo. Basi mimi nasema baba yako yuko pamoja na Kristo. Jirani yetu Msabato, unamjua, yule wa parachichi, anasema hapana, amelala, hajui neno lolote mpaka parapanda ilie, na Mhubiri sura ya 9 anayo mkononi. Tulibishana hapa uani mpaka chai ikapoa. Lakini tulipofika kwenye kuamka hatukuwa na la kubishana, na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Maana Mkristo hatumaini roho tu ielee huko juu kama moshi wa jikoni. Kwenye Imani ya Mitume tunakiri kiyama ya mwili kila tukiikiri, ila tunapita haraka kama tunawahi sadaka. Mwili, mwanangu. Huu wa baba yako, uliokatwa mguu wa kulia kwa ajili ya sukari. Buti lake la mvua la upande huo bado liko nyuma ya mlango, jipya, halijakanyaga tope hata mara moja, kwa sababu duka haliuzi buti moja. Binti yako aliliona siku ya msiba akaniuliza, "Bibi, babu atafufuka na miguu mingapi?" Watu wazima wakamnyamazisha. Mimi naona hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko lake siku ile.

Nilimjibu kwamba Yesu alipofufuka alikula kipande cha samaki mbele ya wanafunzi wake, na Tomaso alionyeshwa alama za misumari. Alama zilikuwapo, wala hatusomi popote kwamba zilimuuma. Mariamu Magdalene alidhani ni mtunza bustani, akamtambua alipomwita jina. Kwa hiyo atakuwa yeye yule yule, na hatakuwa kama alivyokuwa. Paulo analieleza kwa mbegu, nasi wa Rungwe tungesema kiazi. Unapovuna, ukichimbua shina unakuta kile ulichopanda kimelainika, ganda tupu, na pembeni yake viazi vipya vimejaa. Huwezi kusema ni kitu kingine, wala huwezi kusema ni kile kile.

Ningekuwa nimeyasoma haya vitabuni tu, labda ningekuwa na mashaka kama yako. Lakini nimeyasimamia makaburini tangu nikiwa mdogo, kila Pasaka. Wamisionari wa Kimoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891, walitoka kwenye kanisa ambalo vijana wake kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, walikwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kuimba. Kwetu ni majira ya masika, unakumbuka: baridi, ukungu, tope mpaka kwenye vifundo, tarumbeta zinalia gizani hata huoni anayepuliza. Mchungaji anasema, "Bwana amefufuka!" Nasi tunaitika, "Amefufuka kweli kweli!" Tunawaambia hivyo waliolala pale, si sisi kwa sisi tu. Mama yangu yuko pale. Mdogo wako aliyefariki akiwa na surua yuko pale. Nimeitika mwaka ambao nilikuwa na hasira na Mungu, na sauti ikatoka vilevile.

Wakati mwingine usiku nashituka nikisikia gongo lake ukumbini, nami najua hakuna gongo. Kuamini hakujaondoa hilo, na sitakuambia kwamba kutaondoa kwako.

Jambo jingine. Baba yako mdogo anataka tujengee kaburi kwa marumaru na picha, na amesema wewe utachangia. Mimi nimekataa, usije ukashangaa akikupigia. Desturi ya Herrnhut ni jiwe la kulala, sawa kwa wote, tajiri na maskini, kwa kuwa wote wanasubiri kitu kimoja. Baba yako aliipenda sana desturi hiyo, alinieleza zaidi ya mara moja. Saruji ya mifuko miwili na fundi wa hapa kijijini vinatosha. Ukiwa na hela ya ziada, lipia ada ya mtoto wa dada yako.

Pasaka njoo, ufike Jumamosi mapema kwa sababu mvua ikinyesha gari la kutoka Mbeya huchelewa. Binti yako mnunulie buti, lile la mwaka jana limeshambana.

Mama yako