Maswali ya Vimbaumbau Wenzangu

Nilipoanza kunyanyua vyuma nilikuwa na kilo 52, shati likinining'inia kama limeanikwa. Leo nawajibu walio pale nilipokuwa.

Shikamoo kocha. Nakula sana lakini mwili hauongezeki. Nina tatizo? (Kilo 54, Temeke)

Marahaba. Hata mimi niliapa hivyohivyo, mpaka nilipoandika kwenye daftari kila kilichoingia mdomoni wiki nzima. Asubuhi chai ya rangi na andazi moja. Mchana wali maharage, sahani imejaa kweli. Usiku nimechoka, ndizi mbili, nikalala. Ile sahani ya mchana ndiyo niliyokuwa naiita "nakula sana".

Kwa mnyanyuaji wa kilo 54, protini ya gramu 85 hivi kwa siku inatosha, na yai moja lina gramu 6 tu. Usikimbilie kopo la unga wa protini la bei ya kodi ya chumba. Dagaa, maharage, karanga, maziwa na mayai yapo. Mimi kilichonitoa ni uji: kikombe kikubwa asubuhi, kimekorogwa maziwa na karanga za kusaga, maana kunywa ni rahisi kuliko kutafuna. Ukipanda robo hadi nusu kilo kwa wiki, shukuru. Ukipanda kilo mbili kila wiki, hicho ni kitambi. Ila kama unapungua bila sababu, au unakohoa wiki ya pili sasa, anzia hospitali.

Jimu yetu ya mtaani vyuma ni vya saruji. Vinafaa?

Vinafaa, ila vipimeni. Nilipiga benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) miezi minne mkono wa kulia ukichelewa kupanda, nikadhani bega bovu. Tukapeleka makopo yetu ya rangi yaliyomiminwa saruji kwenye mzani wa mangi wa dukani: moja lilimzidi mwenzake kilo 3! Tukafunga kimfuko cha mchanga upande mwepesi, bega likapona siku hiyohiyo.

Kaka, naenda kila siku, masaa mawili, wiki ya tatu sioni kitu.

Wiki za mwanzo mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuiamrisha misuli, kwa hiyo nguvu hutangulia. Ukubwa huja kwa miezi. Siku 3 kwa wiki zinakutosha, zilizobaki lala. Na kwenye hayo masaa mawili toa muda wa kioo na simu, uone yanabaki mangapi.

Kisha andika. Leo umechuchumaa na kilo 30 mara 8, siku ijayo tafuta 9. Zikifika 12, ongeza kilo 2 na nusu. Mwaka wangu wa kwanza wote nilinyanyua uzito uleule kwa kutegemea kumbukumbu.

Miguu ni lazima? Suruali si inaficha?

Jumapili pale Coco Beach hamna suruali.

Kuna jamaa jimu anauza sindano, anasema miezi miwili nitakuwa kama yeye.

Mara nyingi hizo ni homoni za kiume. Misuli zinakuza kweli, sikudanganyi, ndiyo maana zinauzika. Lakini mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake: korodani husinyaa, mbegu hupungua, moyo nao hubeba mzigo. Na kilichomo kwenye kichupa kile hukijui wewe wala muuzaji. Muulize alipima damu lini mara ya mwisho. Wa kwetu nilimuuliza. Akakohoa kidogo, akaniomba nimshikie chuma.