Umerithi Kisukuku? Usikioshe Kwanza

Babu alipofariki mie nlipata mkebe wa biskuti, ndani mna kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, limejiviringa kama konokono, zito, lajaa kiganja, limefungwa kipande cha kikoi. Hakuna karatasi wala jina la mahali, na wa kumuuliza ndo huyo tushamzika.

Kosa nlilofanya ni kuchukua brashi na siki nkaanza kulisugua. Likatoa povu, nkafurahi nkidhani uchafu unatoka, kumbe jiwe lenyewe ndo laliwa, manake lina chokaa na siki hula chokaa, dakika chache tu mistari ya upande mmoja ikafifia. Na ule udongo wa kijivu uliokuwa umeshika baina ya mizunguko wote ukaenda na maji. Udongo ule ndo ungesema jiwe limetoka wapi, mtu wa miamba akiupata aulinganisha na miamba anayoijua. Bahati punje kidogo zilibaki kwenye kikoi, nkazitia kwenye kijipakiti. Kwa hivyo tafadhali usioshe, usipake mafuta, na kile kitambaa usitupe.

Kujua ni nini si kazi ngumu sana. Pale ganda lilipobanduka tazama mistari ya vyumba vya ndani: ikiwa imejikunjakunja kama ukingo wa jani, hiyo ni amonaiti, mnyama wa baharini aliyetoweka miaka kama milioni 66 iliyopita, wakati mmoja na madainosari. Mistari ikiwa imepinda tu kawaida, basi huenda ni jamaa ya nautilasi, wanyama wa baharini wenye ganda, ambao wako hai mpaka leo. La babu limejikunja kama jani.

Kazi iko kwenye asili. Bibi asema babu alilitoa Bukini, yaani Madagaska, enzi za kusafiri na majahazi, ami naye ashikilia aliliokota Miritini, hapa Mombasa upande wa bara, barabara ilipokuwa ikichimbwa. Na yeyote kati yao aweza kuwa sawa! Upande wa Mahajanga huko Bukini amonaiti ni nyingi mno, yale yaliyokatwa nusu yakang'arishwa madukani mengi ni ya huko, na huku kwetu miamba ya tope la kale ya Miritini na Changamwe ni ya enzi ya Jurasiki, zama za madainosari, amonaiti zimo. Kisiwani Mombasa kwenyewe hapana, matumbawe tunayojengea nyumba ni ya miaka kama 125,000 tu, hayo ni ya juzi.

Piga picha pande zote, weka na rula au shilingi ishirini kando, halafu nenda makumbusho pale Fort Jesus uulize. Ila ujue sheria ya urithi ya mwaka 2006 yataka kilichovumbuliwa Kenya kiripotiwe, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni makosa, hata kama mtu wa mtandaoni akuahidi pesa nzuri.

Na wazee waulize mmoja mmoja, usiwaweke pamoja watabishana. Bibi nlimrekodi kwa simu, nusu saa nzima hakutaja jiwe, akasimulia pepo za kusi na mkeka babu aliokuwa akilalia jahazini, halafu ghafla akasema, "Lile zito? Lilikuwa la kuzuia mlango wa chumba chake."

Kwenye mkebe sasa nimebandika kadi: Amonaiti. Bukini (Bibi) au Miritini (Ami). Punje za udongo zimo ndani.