Ziwa ni moja, mbona mvua inakwenda Bukoba?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa dagaa, naanika hapa Igombe, Mwanza. Mdogo wangu ameolewa Bukoba, na kila nikimpigia simu ananiambia kwao kumenyesha, wakati huku jua linawaka. Ziwa ni hilo hilo, na shuleni tulifundishwa kwamba sote tuko ukanda wa tropiki. Kwa nini mvua iwapendelee wao? Nauliza kwa sababu ananishawishi nihamie kwake tuanike pamoja.
Msomaji, Igombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenigusa, maana mama yangu naye alitulea kwa dagaa ya mchangani. Nimeamshwa usiku mara nyingi nikashike ncha ya turubai huku radi zikipasuka upande wa ziwani. Dagaa ikiloa, asubuhi ule weupe wa fedha umeshageuka majivu. Mnunuzi anashika, ananusa, anarudisha. Inaishia kuwa chakula cha kuku.

Ulichofundishwa ni kweli. Tropiki ni eneo lote kati ya nyuzi 23.5 kaskazini na 23.5 kusini mwa ikweta. Lakini ndani yake mna misitu isiyokauka na mna majangwa. Lima, mji mkuu wa Peru, uko nyuzi 12 kusini, ufukweni kabisa mwa bahari, na ni jangwa: mkondo wa Humboldt huleta maji baridi, hewa iliyo juu yake inapoa na kulala chini, haipandi ikawa mawingu ya mvua. Kumbe kuishi kando ya maji hakutoshi. Hewa yenye unyevu lazima ipande, kisha upepo uilete kwako.

Sasa turudi ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Huo ndio unaokukaushia dagaa. Usiku mambo hugeuka. Ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, na pepo za nchi kavu zinatoka kila upande kwenda kukutana katikati ya ziwa. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na mvuke zimebeba. Ndiyo maana wavuvi walio kwenye taa huonana na radi usiku wa manane. Halafu upepo mkuu wa huku kwetu hutoka mashariki, basi mawingu hayo husukumwa magharibi. Na magharibi ndiko alikoolewa mdogo wako. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza kama nusu yake, na Musoma, iliyo mashariki, hupungukiwa zaidi.

Nusu hiyo imetengeneza hata vyungu vyetu. Kwa Wahaya mgomba uko nyuma ya nyumba mwaka mzima, mkungu unakatwa ukihitajika. Sisi Wasukuma, Juni hadi Agosti mvua ni nadra, hivyo tulijifunza kuweka akiba. Bibi yangu alikata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba, akavitandaza juu ya jiwe la nyuma ya nyumba, jiwe ambalo saa nane mchana hulikanyagi bila viatu. Hayo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, ni matobolwa. Alichota konzi moja akaitikisa karibu na sikio. Vikilia kama vigae, vinaingia ghalani. Vikinyamaza, vinarudi juani. Mimi jiwe lile naliheshimu kama shamba.

Kwa hiyo usihamie. Jua ulilonalo Igombe ni mtaji, na mdogo wako hana. Anika wewe, auze yeye. Gunia la dagaa kavu linalala usiku mmoja tu melini mpaka Bukoba. Ukipata fedha kidogo, achana na mchanga utengeneze vichanja vya nyavu: hewa inapita juu na chini, dagaa inakauka upesi na haina chembe za mchanga, na wingu likitokea unafunika turubai papo hapo bila kuokota moja moja. Anza na kichanja kimoja kabla ya Septemba, mvua za vuli hazijarudi.