Machimbo au migodi ya felispa?

SWALI: Natafsiri makala ya historia kuhusu felispa, madini yanayotumika katika vyombo vya kauri, ya Spruce Pine, North Carolina, Marekani. Mahali ilipochimbwa nipaite "migodi midogo" au "machimbo madogo"? Na waliotenga mawe kwa mkono, "walichagua" au "walichambua"?

JIBU: Andika machimbo. Mgodi humpeleka msomaji chini ya ardhi, ilhali felispa mara nyingi ilifuatwa kutoka juu: udongo huondolewa, mwamba hutobolewa na kulipuliwa kwa baruti, kifusi hutupwa kando. Makala ikitaja njia za chini zilizochimbwa kutafuta ulanga (mica), hapo neno mgodi linastahili.

Watu husema "machimbo" hata kwa sehemu moja, hivyo "machimbo madogo" peke yake hayaonyeshi kama ni moja au ishirini. Taja idadi, au andika "chimbo dogo" kwa umoja. Timbo na matimbo ni sahihi pia. Kimvita husema kutimba badala ya kuchimba.

Kivumishi "madogo" usikiache, kwa maana kina sababu yake ardhini. Felispa hiyo ilikuwa ndani ya pegmataiti, mwamba wa jamii ya matale wenye fuwele kubwa sana, na mara nyingi pegmataiti hukaa kwa mafungu yenye mipaka. Fungu likiisha, wachimbaji huhama.

Kuhusu mkono, andika walichambua, kama mtu anavyochambua mchele. Kuchagua ni kupendelea kimoja kati ya vingi; hapa kazi ilikuwa kuvunja bonge kwa nyundo na kuondoa uchafu. Felispa hupasuka kwa nyuso bapa zinazong'aa, zikikutana karibu na pembe mraba. Kwatsi, madini mengine yaliyochanganyika nayo, humeguka kwa mikunjo kama kioo. Madini yenye chuma, kama ganeti, yalitupwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu chuma hutia madoa kwenye vyombo vya kauri. Lakini epuka nomino "uchambuzi wa felispa": msomaji wa leo ataelewa vipimo vya maabara.

Makala ikifika miaka ya 1940, badili kitenzi. Mwamba ulianza kusagwa na madini kutenganishwa kwa maji, kemikali na povu, hata miamba yenye chembe ndogo ikafaa. Kazi hiyo iite kutenganisha kwa povu. Kuchambua kubaki kwa mikono na nyundo.